Wakili na Hesabu Yake

Dominika ya 25 ya Mwaka C (Lk 16:1-13)



Injili ya Dominika hii yatuletea habari ya tajiri mmoja aliyekuwa na wakili. Mali haikuwa ya wakili. Alikabidhiwa tu aitunze. Siku moja aliitwa mbele ya bwana wake, akatakiwa kuleta hesabu, kwa kuwa uwakili wake ulikuwa umefika mwisho. Mfano huu umewasumbua wahubiri wengi, maana ndani yake unasifiwa werevu wa mtu asiye mwaminifu. Leo sitaingia katika ugumu huo. Nalishika neno moja tu, nalo ni hesabu. Kila aliyekabidhiwa kitu cha wengine, iwe ni watoto, iwe ni ofisi, iwe ni nchi nzima, ipo siku ataitwa na kuulizwa.

Tunapoikaribia tarehe 14 Oktoba, siku ambayo taifa letu humkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, nimeona vema tuyatazame maisha yake katika mwanga wa mfano huo. Huenda msikilizaji wa Mbinga, au mvuvi wa Mbamba Bay na Lituhi, atauliza: Huyu mtu wa Butiama, kule upande wa Ziwa Viktoria, anatuhusu nini sisi wa Ziwa Nyasa? Anatuhusu sana. Madaraka aliyoyaweka chini yalipokelewa na mwana wa mkoa huu. Rafiki aliyefarakana naye alizaliwa katika mwambao huu. Mmoja wa vyama vya ushirika vilivyovunjwa katika utawala wake ulikuwa wetu. Na maandishi yake juu ya Neno la Mungu yalichapwa na watawa jirani zetu. Basi tunayo haki, na tena tunao wajibu, wa kuisoma hesabu yake.

Tuanze nyumbani, kwa maana ndiko kila uwakili unakoanzia. Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwezi Aprili 1922. Baba yake alikuwa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, na mama yake Mgaya wa Nyang'ombe, mke wa tano wa mtemi huyo. Wake wote walikuwa 22. Mtoto alianza shule huko Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, kisha akaendelea Tabora. Mafundisho ya dini aliyasikia akingali mwanafunzi, lakini hakubatizwa upesi. Baba yake alifariki mwaka 1942, na Ubatizo aliupokea mwezi Desemba 1943, akiwa kijana wa miaka 21 anayejua anachokiomba.

Makatekista mnaonisikiliza mnajua uzito wa jambo hilo. Mnawafundisha wakatekumeni watu wazima, na mnaona jinsi swali la ndoa linavyowarudisha wengi nyuma. Kijana huyu aliyelelewa katika nyumba ya wake 22 alichagua njia ya mke mmoja. Mwezi Januari 1953, baada ya kurudi kutoka masomoni Edinburgh alikopata shahada yake mwaka 1952, alifunga ndoa na Maria Waningu, binti wa Gabriel Magige, naye alikuwa mwalimu. Mwenyezi Mungu akawajalia watoto wanane. Ndoa hiyo ilidumu zaidi ya miaka 46, mpaka kifo kilipowatenganisha. Wala uchaguzi huo haukumfanya aikane nyumba ya baba yake. Butiama ndiko alikorudi kupumzika uzeeni, na ndiko alikozikwa.

Ndoa yao ilikuwa haijatimiza miaka mitatu ilipopata mtihani wake wa kwanza. Wakati huo Mwalimu alifundisha katika shule ya Wakatoliki ya Mtakatifu Fransisko, Pugu. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kiliundwa, naye akawa rais wake. Mwezi Machi 1955 alikwenda New York kuieleza Umoja wa Mataifa hali ya Tanganyika. Aliporudi alikabiliwa na uchaguzi ulio wazi: ama ualimu, ama siasa. Akauacha ualimu. Tusiyapite maneno hayo kwa haraka. Mtu mwenye mke na familia changa aliacha mshahara wa hakika, akaenda mahali pasipo na mshahara. Alirudi nyumbani Musoma, na kwa muda akawa anamfundisha padre mmoja wa Maryknoll lugha ya Kizanaki. Aliyeshika nyumba katika miezi hiyo ni Mama Maria. Tunapomhesabia Mwalimu sadaka ile, haki yatudai tuiandike nusu yake katika jina la mkewe.

Kuanzia hapo yaonekana alama moja inayorudi tena na tena katika maisha yake: mtu huyu alijua kuweka chini alichokabidhiwa. Mwaka 1957 aliteuliwa na serikali ya kikoloni kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Alipoona kwamba hakuna analolipata kwa ajili ya watu wake, alijiuzulu mwezi Desemba mwaka uleule. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata Uhuru, naye alikuwa Waziri Mkuu. Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya bendera kupandishwa, alijiuzulu tena. Ulimwengu ulishangaa. Watu wanapigania kiti miaka mingi, naye amekaa wiki sita akainuka! Alitaka kwenda vijijini kukijenga chama na kuwaeleza wananchi kwamba Uhuru ni kazi. Kiti alimwachia Rashidi Mfaume Kawawa, mzaliwa wa Matepwende katika mkoa wetu wa Ruvuma, Mwislamu mnyofu aliyelitumikia taifa mpaka uzee wake. Mkatoliki akampa Mwislamu nchi aishike, akaenda zake vijijini bila hofu. Jambo hilo tulikumbuke kila tunapotaka kupimana kwa dini.

Akarudi akiwa Rais tarehe 9 Desemba 1962. Mwezi Oktoba 1966, wakati wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, alikiri mbele yao kwamba mishahara ya wakubwa ni mikubwa mno, akapunguza wa kwake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, tarehe 5 Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha. Kiongozi hakuruhusiwa kuwa na mishahara miwili, wala hisa katika kampuni, wala nyumba za kupangisha. Mnaweza kubishana juu ya siasa ya uchumi iliyofuata, na wataalamu wanaendelea kubishana. Lakini mahali hapo palikuwa na fundisho ambalo Injili ya leo inalihubiri waziwazi: hakuna awezaye kuwatumikia mabwana wawili.

Na mwisho wa yote, tarehe 5 Novemba 1985 alikabidhi urais kwa Ali Hassan Mwinyi, na mwaka 1990 akauacha uenyekiti wa chama. Kitendo hicho kilitupatia neno kutoka Kizanaki ambalo leo ni la Kiswahili chetu sote: kung'atuka. Ni marais wachache sana wa Afrika wa siku zile waliotoka Ikulu kwa miguu yao wenyewe na kwenda kulima.

Ndugu wapendwa, kama ningeishia hapo, ningekuwa nimesoma upande mmoja tu wa daftari. Wakili anayeleta pato peke yake na kuficha madeni hajaleta hesabu. Yatupasa kuufungua na upande wa pili, hasa sisi wa mwambao huu.

Oscar Kambona alikuwa mwana wa ziwa letu. Alizaliwa mwambaoni, karibu na Mbamba Bay, mtoto wa kasisi wa Kianglikana. Alikuwa katibu mkuu wa TANU katika miaka ya kuudai Uhuru, kisha waziri. Jeshi lilipoasi mwezi Januari 1964, yeye ndiye aliyekwenda kuzungumza na askari. Mwaka 1967, baada ya kutokubaliana na mwelekeo wa nchi, alijiuzulu na kwenda uhamishoni. Hakurudi mpaka mwaka 1992, na alifariki mwaka 1997. Ndugu zake wawili walikaa kizuizini kwa miaka bila hukumu ya mahakama, chini ya sheria ya mwaka 1962 iliyompa Rais uwezo huo. Mahubiri si mahali pa kuamua kesi ya Kambona na Mwalimu. Lakini mtu aliyefungiwa bila kuhukumiwa ana mama, ana mke na watoto, na machozi yao yanahesabiwa mbinguni. Wapo katika mwambao huu wanaosikia jina la Baba wa Taifa wakanyamaza. Tusiwalazimishe kushangilia.

Liko pia deni la wakulima. Ngoni-Matengo, ushirika ambao wazee wetu waliuita NGOMAT, ulianza tangu miaka ya 1930. Kwa njia yake mkulima wa tumbaku wa Songea na mkulima wa kahawa wa Umatengo waliuza mazao yao kwa sauti moja. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vyote vya ushirika nchini, na kazi yao ikapewa mamlaka za mazao. Kabla ya hapo, serikali za mitaa zilikuwa zimekwisha kuondolewa. Na katika miaka hiyohiyo ya 1970 watu walihamishiwa vijijini, wengi bila hiari yao. Kilichojengwa na wakulima wenyewe kwa miaka mingi kiliondolewa kwa amri ya siku moja.

Hata Kanisa lina fungu lake katika upande huo. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule za misioni zilitaifishwa. Shule zilizojengwa kwa jasho la wamisionari na waamini zikawa za serikali, na aliyezichukua ni mtoto wa shule hizo, Mkatoliki anayeshiriki Misa. Mapadre na watawa wengi waliumia moyo. Yeye aliona kwamba shule zikibaki za madhehebu, mtoto wa Kiislamu atabaki nyuma, na taifa litagawanyika. Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulipoanza mwaka 1977, watoto wengi wa milima ya Mbinga na wa pwani ya ziwa, wa dini zote, waliingia darasani. Basi katika jambo hili deni na pato vimeandikwa katika mstari mmoja, na si rahisi kuvitenganisha.

Sasa nifike mahali ninapopaona kuwa kiini cha tafakari yetu. Mwaka 1984, akingali Rais, aliulizwa katika mahojiano ni mambo gani asingeyarudia kama angeanza upya. Alitaja mawili: kuondoa serikali za mitaa, na kuvunja vyama vya ushirika. Akasema kwamba walikuwa na pupa, na kwamba hawakujua. Hakuwatupia lawama wasaidizi wake, wala wakulima, wala ukame. Tayari mwaka 1982 sheria ilikuwa imeruhusu ushirika kurudi.

Wapendwa, kwa wakulima wa kahawa maneno hayo hayakurudisha hata debe moja lililopotea. Toba haifuti hasara ya jirani. Yadai pia malipizi. Hata hivyo, ni viongozi wangapi mmewasikia wakisema hivyo wakiwa bado wamekalia kiti? Kuacha mshahara ni kugumu. Kuacha urais ni kugumu zaidi. Lakini kuna jambo moja lililo gumu kupita yote, nalo ni kuiweka chini fahari ya kuonekana kwamba hukukosea. Wakili wa Injili ya leo aliitwa ndipo akatafuta hila. Huyu, katika mambo hayo mawili walau, aliisoma hesabu yake kabla ya kuitwa. Laiti angesema hivyohivyo na juu ya kizuizini! Hapo hatuna budi kumwachia Mungu, ajuaye yaliyosemwa katika kiti cha maungamo.

Baada ya kustaafu alirudi kwenye shamba na kwenye Maandiko Matakatifu. Katika maisha yake yote ya Ikulu alizoea kuhudhuria Misa hata siku za kazi, na uzeeni alifanya kazi ya uvumilivu: aliziweka Injili nne na Matendo ya Mitume katika utenzi wa Kiswahili. Vitabu hivyo vilichapishwa mwaka 1996 na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho, watawa walewale ambao tangu mwaka 1898 wamewaletea Injili mababu zetu katika nchi hii ya Ruvuma. Kwa kuwa Injili ya Luka ni mojawapo, hata mfano wa leo ulipita mkononi mwake. Ni vema kumfikiria mzee huyo, aliyewahi kushika hazina ya taifa zima, akitafuta vina vya kumweleza wakili aliyetakiwa kutoa hesabu.

Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 katika hospitali ya Mtakatifu Thomas, London, kwa ugonjwa wa saratani ya damu, akazikwa Butiama tarehe 23 Oktoba. Katika siku zile za msiba, sauti iliyotufariji redioni ilikuwa ya mwana mwingine wa ziwa letu, Kapteni John Komba wa Lituhi, na nyimbo za maombolezo za kikundi chake. Naye amekwisha kutangulia, mwaka 2015. Mwambao huohuo uliomtoa Kambona ulimtoa na mwimbaji wa maombolezo ya Mwalimu. Hiyo ndiyo familia ya watu: ndani yake mna jeraha na mna wimbo.

Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilipata idhini ya kuanza mchakato wa kumtangaza mwenye heri, naye akaanza kuitwa Mtumishi wa Mungu. Wengine wanauliza: Je, mwanasiasa aweza kuwa mtakatifu? Wengine wanaona kama suala limekwisha kuamuliwa. Tuwe na subira. Mchakato huo ni kazi ya kukusanya ushuhuda, na Kanisa huuliza mazuri na mabaya vilevile. Anayeficha ubaya kwa nia ya kumsaidia Mwalimu humchelewesha. Anayekuza ubaya kwa chuki humdhulumu marehemu asiyeweza kujibu. Kanisa latusihi tuseme kweli na kusali.

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba mlei hutakatifuzwa ndani ya shughuli za dunia: sokoni, shambani, ofisini na katika ndoa. Tatizo letu ni kwamba tunalisikia fundisho hili tukidhani kuwa linawahusu marais. Tazameni milima ya Umatengo. Babu zetu walipokuta miteremko mikali walibuni kilimo cha ngoro. Majani hukatwa, hulazwa chini kwa mistari inayokatana, kisha hufunikwa udongo. Mwenye kupita haoni jani. Anaona mashimo na matuta tu. Lakini maharage na mahindi huota juu ya kile kilicholazwa, na mvua ikija udongo hauporomoki. Kilichowekwa chini kwa utaratibu ndicho kinachoushika mlima. Jamii nayo hushikwa hivyohivyo, na watu waliokubali kulaza chini mshahara, cheo au fahari yao ili wengine waote.

Basi nawauliza mnaonisikiliza, mmoja mmoja. Wewe mweka hazina wa Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo, daftari lako lilisomwa lini mbele ya wanajumuiya? Wewe mwenyekiti wa kijiji, au wa chama cha msingi cha kahawa, kipindi chako kikiisha utainuka, au utatafuta njia ya kubaki? Wewe katekista uliyekiongoza kigango miaka 20, je, unamwandaa kijana wa kukupokea, au unamwona kuwa adui? Wewe baba wa familia, fedha ya msimu wa kahawa inafika nyumbani, au inaishia njiani? Na mkeo anapokuuliza, unampa hesabu au unampa ukali? Nasi mapadre tusijitoe. Parokia si mali yetu.

Na kama kuna mahali ulipomkosea mtu kwa pupa na kutojua, usingoje kuitwa. Mwendee ungali na kiti, ungali na nguvu. Neno la toba litokalo kwa mwenye madaraka lina uzito ambao halitakuwa nao siku atakapokuwa hana kitu cha kupoteza.

Wiki hii, katika jumuiya zenu, nawaomba mweke nia moja ya sala. Mwombeeni Julius Nyerere. Mwombeeni Rashidi Kawawa aliyekipokea kiti chake. Mwombeeni Oscar Kambona na wote waliowekwa kizuizini, pamoja na jamaa zao. Watajeni wote katika sala ileile, pasipo kuwatenga, kwa kuwa wote watatu walikabidhiwa nchi hii na wote watatu wamekwisha kuitwa mbele ya Bwana mmoja. Huruma anayowahitaji wao ndiye tunayemhitaji na sisi.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo.